Mwanangu, chandarua usikiache

Mwanangu Upendo,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili. Unasema mwenzako hapo Arusha amekwambia malaria huwaangusha Wazungu kwa sababu ya ngozi yao nyeupe, sisi weusi ngozi inatukinga, na kwa hiyo ukihamia Arusha Chini, huku bondeni kusini mwa Moshi, mwezi ujao huna haja ya chandarua. Unaniuliza kama ni kweli.

Si kweli, mwanangu. Mimi nilikaribia kufa hukohuko.

Unajua nimezaliwa Marangu juu, kwenye baridi. Mbu kule ni wachache, na hata akiwepo, vimelea vya malaria hii yetu kali havikomai mwilini mwake joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Nilikua malaria naisikia tu. Mwaka 1987 nikaenda kumsaidia shangazi Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa. Wiki ya tatu nikaanguka. Nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia, kisha nikaanza kuweweseka. Ilikuwa imeshapanda kichwani. Nililazwa siku nne kwa dripu ya kwinini. Watoto wa shangazi, niliolala nao chumba kimoja, wakawa wanacheza uani. Wao walikuwa weusi kama mimi, ila wameugua malaria tangu wachanga, miili yao ikazoea kupambana nayo. Na usiwaonee wivu: shangazi alikuwa ameshazika wadogo zao wawili.

Kinga ya namna hiyo haikai milele. Mtanzania akiishi Ulaya miaka kadhaa, akirudi anaweza kuugua vibaya kama mgeni yeyote.

Zipo kinga za kuzaliwa nazo, hilo sikatai. Aliyerithi selimundu, ile hitilafu ya chembe nyekundu za damu, kwa mzazi mmoja tu hupata ahueni kubwa dhidi ya malaria kali. Lakini urithi huo wanao pia Wagiriki, Waarabu na Wahindi, kwa kuwa mababu zao waliishi na malaria. Uko kwenye damu, na mtu hauoni kwa kukutazama usoni.

Maneno kama ya mwenzako yameshaua watu. Mwaka 1793 homa ya manjano iliingia Philadelphia, Marekani. Daktari maarufu, Benjamin Rush, akawaambia watu weusi kwamba wao hawaipati. Wakajitokeza kuuguza wagonjwa na kuzika maiti, nao wakafa wengi. Viongozi wao, Absalom Jones na Richard Allen, waliyaandika hayo mwaka uliofuata ili yasipotoshwe.

Rangi ina shida yake kwenye kuutambua ugonjwa. Miaka yangu wodini nimeona surua ikichelewa kujulikana kwa sababu wekundu haujitokezi kwenye ngozi yetu; nilikuwa namfungua mtoto kinywa nitafute vidoa vyeupe ndani ya mashavu. Upungufu wa damu niliutafuta kwa kuvuta kope la chini.

Nimekutumia chandarua kipya kwa basi la asubuhi, kile cha buluu chenye dawa. Kianike kivulini siku moja kwanza, halafu kichomeke chini ya godoro pande zote. Mwili ukichemka, usimeze panadol ukasubiri kesho; nenda zahanati ukapime siku hiyohiyo, kisha unipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako,
Moshi