USIITUME HIYO EXCEL! (kwa mleta mada wa Mbeya aliyeombwa data za maktaba na mhadhiri)

Mkuu hiyo Excel usiitume. Umeuliza mada ipi nzuri ya utafiti, jarida gani na barua kwa bosi unaiandikaje, lakini mimi macho yamegota pale uliposema kesho unamtumia mhadhiri data za wasomaji kuazima vitabu kutoka kwenye Koha (ule mfumo wa kompyuta wa maktaba) halafu "mengine tutaongea mbele ya safari". Hayo mengine ndiyo yaliyonimaliza mimi huku Iringa.

Mhadhiri wangu alikuja na maneno matamu, wewe una uzoefu mimi nina nadharia, tutaandika pamoja. Sasa mimi mtu wa kaunta, nimezoea kuulizwa choo kiko wapi, msomi mzima ananiita mtafiti mwenza, kichwa kikavimba aisee. Nikamtolea kila kitu, nikagawa madodoso, nikawakimbiza wanafunzi wayarudishe, nikamwekea kwenye flashi. Akapotea. Ukipiga simu yuko kwenye semina. Makala nimekuja kuikuta mezani kwa bosi, imeprintiwa na imepigwa mistari ya wino mwekundu.

Jina langu lipo, kwenye shukrani, baada ya dereva. Na limekosewa herufi, kwa hiyo aliyeshukuriwa mimi simfahamu.

Ila jina siyo lililouma zaidi. Makala inasema wanafunzi wetu hawasomi, eti kuna miezi kuazima kumeshuka karibu na sifuri. Jamani! Miezi ile umeme ulikuwa unakatika hovyo tukarudi kwenye daftari la mkono, na lile daftari hakuna aliyeliingiza kwenye mfumo baadaye. Halafu kitabu ambacho mwanafunzi amekitoa rafuni akakaa nacho mezani mpaka jioni hakionekani popote kwenye mfumo kama hamkipitishi kwenye skana kabla ya kukirudisha, na sisi tulikuwa hatuskani, tunarudisha tu. Mkutubi yeyote angemwambia hayo wakiwa wamesimama, lakini hakuuliza, na wakati wa kuchambua mimi sikuitwa. Bosi kasoma "hawasomi", bajeti ya vitabu vipya ikapigwa panga, na wa kuitwa kujieleza nikawa mimi, siyo yeye, yeye makala anaihesabia kwenye kupanda cheo.

Nilipombana akanitolea kanuni za ICMJE, wale wahariri wa majarida ya tiba ambao hata fani nyingine zinawafuata, kwamba kukusanya data peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Ni kweli, masharti yako manne: uchangie wazo, data au uchambuzi, ushiriki kuandika au kuhariri kwa kina, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika. Alichoruka huyu mjanja ni kwamba kanuni hizo hizo zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye kuandika na kuidhinisha. Mimi rasimu sikuonyeshwa hata ukurasa mmoja, halafu naambiwa sikuandika!

Kwa hiyo karatasi kwanza, data baadaye. Hata imeili inatosha, mradi imeandikwa nani anaandika sehemu gani, jina lako ni la ngapi, unakaa naye kwenye uchambuzi, na makala haiendi popote hujaisoma. Kuna orodha inaitwa CRediT, ina aina 14 za mchango, kutunza na kuandaa data imo humo kama kazi kamili, mwekee mbele achague zake na wewe chagua zako. Akianza "mbona huniamini" ujue ndo yule yule, wana kiwanda chao.

Mada yoyote tu, hata hiyo ya kuazima siyo mbaya. Barua kwa bosi andika, tena ambatanisha hayo makubaliano, na siku ya kutoa data ondoa majina na namba za usajili maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilishaanza kazi tangu Mei 2023 na msomaji akilalamika wataanza na maktaba yako.

Leo hii mtumie hivi: "Shikamoo Dokta, data ziko tayari, naomba kwanza tuandikiane mgawanyo wa kazi na majina ya waandishi, nikishapata nakupa siku ya kuja tuzipitie wote hapa maktaba." Halafu rudi hapa utuambie kajibu nini, nakaa pale.