Mseto wa Kihindi, mafuta ya ufuta na unga usio na lebo

SWALI: Mhariri, salaam. Jirani yangu mwenye asili ya Gujarat amenielekeza nijipake mafuta ya ufuta na nipike kichadi, akisema ndio utaratibu wa Ayurveda wa kutuliza tumbo linalojaa gesi na kuleta usingizi. Je, naweza kuyafanya haya nyumbani? Vilevile, mama yangu, ambaye anatumia metformini kwa ajili ya kisukari, ameletewa unga wa mitishamba katika mfuko usio na lebo. Autumie?
Msomaji, Upanga, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hayo mawili ya kwanza unaweza kuyaanza hata kesho. Ayurveda, elimu ya tiba iliyokulia Bara Hindi kwa zaidi ya miaka 2,000, hulitanguliza tumbo mbele ya mambo mengi, na kichadi ndicho chakula anachopewa mtu aliyechoka au anayetoka katika ugonjwa. Hakitofautiani sana na mseto wa choroko wa pwani yetu, isipokuwa hutiwa samli badala ya tui, na choroko zake huwa zimepasuliwa na kuondolewa maganda ili ziive upesi na zisilielemee tumbo.

Osha kikombe kimoja cha choroko hizo na nusu kikombe cha mchele, kisha uloweke kwa nusu saa. Pasha vijiko viwili vya samli, utie kijiko cha chai cha binzari nyembamba, na ikianza kunukia uongeze tangawizi mbichi iliyopondwa na nusu kijiko cha chai cha manjano. Geuza humo choroko na mchele, mimina vikombe sita vya maji, uache viive kwa moto mdogo kwa dakika 35 hivi mpaka virojeke. Usiharakishe hapa, kwa maana choroko zisizoiva ndizo zitakazokuletea gesi unayoikimbia. Viungo hivi utavipata Kisutu au Kariakoo. Nakusihi ununue manjano mazima uyasage mwenyewe, kwani nchini Bangladesh ya unga yamewahi kukutwa na rangi yenye madini ya risasi.

Mafuta yawe vuguvugu. Sugua taratibu mwili mzima, ukae robo saa, kisha uoge, ukijihadhari na utelezi wa sakafu. Kwa kuwa Ayurveda huhesabu ufuta kuwa unaopasha mwili joto, katika fukuto la Januari na Februari ni afadhali mafuta ya nazi. Usiku, nyayo peke yake zinatosha. Tumbo likiendelea kusumbua kwa wiki kadhaa, au ukiona damu chooni au unapungua uzito, nenda hospitali.

Kuhusu unga huo, jibu langu ni hapana. Baadhi ya dawa za Ayurveda zimepimwa na kukutwa na risasi, zebaki au aseniki, na mitishamba inayoshusha sukari, ikikutana na dawa za kisukari, yaweza kuishusha kupita kiasi. Mama aupeleke mfuko huo kliniki, daktari wake auone, wala asiache metformini. Kichadi anaweza kula pamoja nawe kwa kiasi, choroko zikizidi mchele kama nilivyopima, na mboga za majani kando.