Betri na mota za kiti cha umeme: andika madai ya bima yasirudishwe

Kinachorudisha madai ya vipuri vya kiti cha magurudumu cha umeme mara nyingi ni ankara ya mstari mmoja: "vipuri vya kiti", na bei chini yake. Anayeisoma kule Nairobi hajakiona kiti. Mwonyeshe ni kipuri gani, cha kiti gani, na kimeharibika vipi.

Anza kwa kuomba idhini ya awali, kwa maandishi, kabla hujanunua chochote. Uliza wazi kama bima yako inalipia vipuri na matengenezo, au kiti kizima tu. Neno "vifaa saidizi" kwenye mkataba halikupi jibu. Ambatisha barua ya daktari au mtaalamu wa viungo inayosema bado unakihitaji kiti hicho, nakala ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na picha ya kibandiko chenye modeli na nambari ya siriali ya kiti.

Betri ndizo zinazozua ubishi zaidi. Viti vingi vina betri 2 za volti 12 zilizofuatana kutoa volti 24. Ukipima jumla peke yake, iliyochoka hujificha nyuma ya nzima. Mwambie fundi azichaji, aziache usiku kucha, kisha apime moja moja, kwanza kiti kikiwa kimetulia na halafu kikipanda mwinuko. Nzima ikitulia husoma takriban volti 12.8. Ile inayoporomoka chini ya 10.5 kiti kikipanda, hiyo imekwisha. Namba zote nne ziandikwe kwenye ripoti, pamoja na tarehe.

Hapo dai betri mbili, na ueleze sababu, maana mhakiki akiona 2 hudhani moja ni ya akiba. Ukichanganya kuukuu na mpya, kuukuu hujaa kwanza na kuishiwa kwanza. Chaja inasoma jumla tu, kwa hiyo mpya haijai sawasawa, na baada ya muda nayo inaharibika. Taja volti, Ah (amp-saa, yaani ujazo wa betri) na aina, kwa mfano "volti 12, Ah 50, jeli, 2". Usikubali betri ya gari hata kama inapatikana leo leo hapo mjini. Hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, wala haivumilii kuishiwa kila siku. Tena risiti ikisema "betri ya gari", bima inaweza kukataa.

Mota taja upande, kulia au kushoto, kwani kwa kawaida hazibadilishani. Fundi aseme kama tatizo ni mota yenyewe, gia, breki ya umeme au kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota). Kaboni ni bei ndogo, mota ni bei kubwa, na bima itauliza. Kontrola, yaani kisanduku kinachoongoza mota, ikimweka taa ya hitilafu, hesabu mimweko au piga video. Lakini huku Malindi, kabla ya kuilaumu kontrola, fungua plagi zote. Upepo wa bahari huleta chumvi, shaba inaota ukijani, na kiti kinakataa kwenda ilhali kontrola ni nzima. Safisha kwanza, kausha, jaribu tena, na uandike kwamba hilo lilifanyika.

Ukiagiza nje, mwombe muuzaji atenganishe bidhaa kwenye ankara. Forodhani vipuri vya viti hivi vina msimbo 8714.20, lakini betri za risasi na asidi ziko 8507 na mota 8501, hata zikiwa za kiti. Ankara ya mkupuo humkwamisha wakala wako. Ya Marekani inaweza kuja na misimbo kama E2365, ambayo ni ya betri moja moja ya saizi ya U-1 kwenye bima za huko. Eleza kipuri kwa maneno pia.

Ufundi uwe mstari wake, mbali na kipuri. Uliza mapema kama fundi anatoa risiti ya eTIMS (mfumo wa ankara za kodi wa KRA), kwani ya kuandikwa kwa mkono inaweza kukataliwa. Vipuri vya zamani usivitupe hadi ulipwe, mkaguzi anaweza kuvitaka.

Wakikataa, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea, kisha jibu hicho hicho ukiambatisha vipimo vya fundi.