Geuza Ganda Kabla ya Kusikiliza Hadithi

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya ganda la risasi ya mzinga wa vita lililochongwa maua, akauliza: "Kaka, nilisugue ling'ae?" Nilimjibu papo hapo: usiliguse! Jibu hilo nililipata kwa machungu.

Mimi nilianzia kwenye vichokoo, vile vyuma vya kisiginoni ambavyo askari wapanda farasi walitumia kumchochea mnyama. Huko sidanganywi. Nikishika cha jeshi la Uingereza natafuta mshale mpana, alama ya mali ya serikali, kisha natazama kama viwili vimelika sawasawa au vimeunganishwa juzi na mjanja. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza nilipohamia sanaa ya mahandaki, vitu walivyotengeneza askari kwa masalia ya silaha.

Muuzaji alikuwa na ulimi wa asali. Alinionyesha ganda la mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 lililofanywa chombo cha maua, ubavuni pamechongwa "Verdun 1916", yale mapigano makali ya Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Akanisimulia askari aliyelichonga kwa msumari huku makombora yakimlilia kichwani. Machozi yakanilengalenga, nikalipa bila kubembeleza bei. Nyumbani nikalisugua hadi nikajiona uso. Utando wote wa miaka ukaishia kwenye kitambaa. Ndipo nikaligeuza. Kitakoni: 75 DE C, alama ya mzinga wenyewe, na mwaka ganda lilipotengenezwa, 1918. Mapigano ya Verdun yaliisha Desemba 1916!

Mkusanyaji mwenzangu alinicheka mbele za watu. Nilishamsamehe, karibu.

Ndugu zangu, geuzeni ganda! Vitu vingi vya aina hii havikutoka handakini. Vilitoka karakana za nyuma ya mstari wa vita, kwa mateka, kwa majeruhi hospitalini, na baada ya 1918 kwa raia waliowauzia wageni waliokuja kuona makaburi ya ndugu zao. Hivyo navyo ni vya kale, vina thamani yake, ila usivilipie bei ya shujaa wa Verdun. Geuzeni, nasema tena. Na mkishageuza, tazameni fataki, kile kidude cha kuwashia baruti katikati ya kitako: kama haijapigwa, au kombora bado limo, wekeni chini mwite polisi.

Langu bado liko rafuni, limeanza kufifia tena. Nimelilaza ubavu, kitako kikinitazama.