Jibu: Usawa shuleni, uanzie wapi?

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa ukuu wa shule. Umeuliza uanzie wapi kuleta usawa katika shule ya msingi ya mjini. Mimi ningeanzia kwenye madawati. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, lakini shule moja niliyofundisha hapa Dar, waliolipia twisheni walikaa mbele. Wasiolipa walibanana nyuma, watatu wakichungulia kitabu kimoja. Zungusha nafasi kila Jumatatu.

Pili, mwalimu wako hodari mpe darasa la kwanza, si la saba. Wazazi watalalamika, wavumilie. Asiyejua kusoma akifika la tatu, kumwokoa ni kazi nzito sana.

Na tafadhali, majina ya wasiochangia uji yasisomwe mstarini. Nimeona mtoto akiacha shule kwa aibu hiyo.