Uliza Fundi: Gauni Lililopanda Mbele

SWALI: Assalamu aleikum, Bi Fundi. Nimekuwa nikishona kwa miaka miwili kwa cherehani ya marehemu nyanya, na siku zote nilikuwa nikilaza gauni la zamani juu ya kitambaa na kulifuatisha kwa chaki. Mwaka huu niliamua kujichorea mwenyewe. Nilinunua kitambaa Mtaa wa Biashara kwa ajili ya harusi ya binti ya mama mdogo, nikajipima, nikachora kipande cha nyuma cha sehemu ya juu, kisha nikakitumia hicho hicho kukatia cha mbele, ila shingo tu nikaiteremsha. Gauni ni la kubana hadi kiunoni, lina mikono mirefu. Sasa nyuma limetulia vizuri, lakini mbele mshono wa kiuno umepanda kiasi cha vidole vitatu, na nikiinua mkono gauni zima linaufuata. Kifua changu ni sentimita 104. Kutoka bega linapokutana na shingo hadi kiunoni, nyuma ni 42 na mbele, nikipitisha futi juu ya titi, ni 47. Kitambaa kina upana wa sentimita 115 na nimebakiwa na urefu wa sentimita 40 tu. Dukani nacho kimekwisha. Nimpelekee fundi, au nikubali kwamba kujichorea si kazi yangu?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kosa lako umelitaja mwenyewe bila kulijua, pale ulipoandika 42 na 47 katika sentensi moja. Ulipima mara mbili kwa uangalifu, ukapata namba mbili zilizo tofauti, kisha ukachora kwa namba moja. Zile sentimita 5 ndizo njia ambayo kitambaa hupita kupanda kifua na kushuka tena, na kipande cha mbele kilichokatwa kwa kipimo cha mgongo hakina budi kuziazima mahali. Chako kimeziazima kiunoni, ndiyo maana mshono umepanda kwa vidole vitatu, ambavyo ni karibu sentimita 5 zile zile. Mtu ambaye gauni lake hukosea kwa kiasi kinachohesabika namna hii hana sababu ya kuacha kuchora. Anayepaswa kuhofu ni yule ambaye gauni lake halikai na hajui ni kwa nini.

Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirefuki, kwa hiyo gauni ulilolikusudia, lenye sehemu ya juu ya kipande kimoja kutoka begani hadi kiunoni, halipatikani tena katika kitambaa hiki. Kipande kipya cha mbele kingehitaji 47 pamoja na sentimita 3 za mishono, nawe una 40. Lakini pima kutoka bega hadi chini ya titi, pale sidiria inapoishia. Kwa mwili wenye vipimo vyako nakisia utapata 34 hivi, na 34 pamoja na mishono ni 37. Hapo ndipo mahali pa kubadilishia shauri: gauni la mshono mmoja wa kiunoni liwe gauni lenye mshono wa pili chini ya kifua.

Fanya hivi. Usiufumue mshono wa kiuno. Kwenye kipande cha mbele cha sasa, panda kutoka mshono huo sentimita 13, ongeza moja na nusu ya kushonea, piga mstari ulionyooka na ukate. Sehemu ya chini itabaki imeshikana na sketi yake. Ile ya juu uliyoiondoa ilaze juu ya karatasi ya kaki, uifuatishe, uongeze sentimita 3 ukingo wote wa chini kufidia mishono ya mkato huu, na sasa ndipo uchore kwa kweli: pembeni usiongeze tena, kwa sababu ubavu wa mbele lazima ulingane na ubavu wa nyuma, lakini katikati teremsha ukingo wa chini kwa sentimita 5, kisha uurudishe juu taratibu hadi ubavuni, mfano wa hilali iliyolala chali. Ukikata kwa karatasi hiyo na kuvuta marinda madogo chini ya kila titi mpaka ukingo uenee kwenye mstari ulionyooka wa kipande cha chini, kifua kitakuwa kimepata urefu wake bila ya kuugusa ubavu. Kipande kipya kitachukua upana wa sentimita 60 hivi, kwa hiyo kwenye zile 115 patabaki mahali pa kukatia miraba miwili ya sentimita 13.

Miraba hiyo ni dawa ya mikono. Gauni linalofuata mkono unapoinuka limekosa nafasi chini ya kwapa, na watu wa pwani walilitatua jambo hili zamani sana. Tazama kanzu yoyote iliyoshonwa kwa desturi uone kile kipande kidogo chini ya mkono kiitwacho kikwapa. Fumua mshono wa ubavu sentimita 10 kutoka kwapani kushuka, na mshono wa mkono sentimita 10 kutoka hapo hapo kuelekea kiganjani, ingiza mraba ili ncha zake mbili zikae mwisho wa mifumuo hiyo na nyingine mbili zikae kwenye mshono unaounganisha mkono na gauni, mbele na nyuma. Upige bandi kwanza, yaani mishono ya muda, uvae, uinue mikono yote miwili kama mtu anayepiga vigelegele huku akipunga leso, kwa maana ndivyo utakavyofanya harusini. Nitasema na hili, ingawa hukuniuliza: usiku wa kupamba, ukikaa saa tatu katika joto la Mombasa, gauni lililoachia tumbo chini ya kifua utalishukuru kuliko lile ulilolikusudia.

Fundi hana ubaya, na ukitaka akusaidie kutia vikwapa usione haya. Ila karatasi uichore wewe.

Kwa gauni lijalo, usichore ukiwa peke yako na futi. Funga uzi kiunoni uwe alama, mtu mwingine akupime, naye aandike kila kipimo cha mbele kando ya cha nyuma. Upana wa kila robo ni kifua gawanya kwa nne, yaani 26 kwako, ongeza 2 za kupumulia, kwa kuwa nguo isiyovutika ikikatwa sawasawa na mwili hairuhusu hata kuketi. Kina cha kwapa wengi hukihesabu kwa kanuni, nami naona kukipima ni salama zaidi: weka rula chini ya kwapa ikiwa imelala sawa, pima kutoka kwenye mfupa wa shingo nyuma hadi usawa wa rula, ongeza 2. Kisha, kabla ya kitambaa cha harusi kuonja mkasi, kata nguo ya majaribio kwa amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kitambaa hicho kilipewa jina kwa sababu ya wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao kutoka Salem, Massachusetts, waliokileta Unguja na pwani hii katika karne ya 19, na hadi leo sijaona kinachokifaa zaidi fundi anayejifunza: hakitelezi, kinaandikika kwa kalamu, na bei yake haikuumizi ukikikosea. Ivae, uketi, uiname, uandike juu yake palipobana na palipolegea, halafu uyahamishie mabadiliko hayo kwenye karatasi siku hiyo hiyo pamoja na tarehe. Shauri likibadilika kwenye karatasi gharama yake ni kifutio.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni kijana ninayejifunza kushona kanzu. Wenzangu husema kukata kanzu si kuchora, kwa kuwa ni mistari iliyonyooka tu. Je, ni kweli?
Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wanakosea. Mwenye kujua kwa nini badani, kile kipande kikuu cha kiwiliwili, ina upana ule, na kwamba taharizi, vile vipande vya ubavuni, ndizo zinazoipa kanzu nafasi ya hatua chini, ameshaanza kuchora. Tena hii ni skuli nzuri kuliko gauni, kwa sababu kila kipande kina kazi moja inayoonekana. Jaribu kushona kanzu mbili za mtu mmoja kwa badani ile ile, moja yenye taharizi zilizopanuka chini sentimita 5 zaidi, umwambie apande nazo ngazi. Anza hapo, mikunjo na matao utayakuta mbele.

SWALI: Bi Fundi, nina doti ya leso na ninataka kumshonea binti yangu sketi ya duara. Kiuno chake ni 80. Nimejaribu kuchora, kila mara haienei. Nakosea wapi?
Mama, Mji wa Kale

JIBU: Hukosei, bibie; leso moja ndiyo isiyotosha, na hesabu itakuonyesha. Ili kupata tundu la kiuno katika duara kamili, 80 igawanywe kwa 6.28, nawe unapata 12.7, huo ukiwa umbali kutoka katikati hadi kiunoni. Leso ina kiasi cha sentimita 110 kwa 150. Nusu ya 110 ni 55; toa 12.7, sketi inabaki na urefu wa 42, ambao kwa msichana wa Mji wa Kale sidhani kama ndio uliokusudiwa. Ukichora nusu duara, tundu linakuwa 25.5, nusu ya 150 ni 75, urefu unafika 49 na nusu. Ukiziunga leso zote mbili urefu utaongezeka, lakini kwa vyovyote mkasi unapita katikati ya pindo na kulikata jina, hata maneno ya leso yakasomeka nusu, jambo ambalo mimi binafsi siwezi kulivumilia.

Kwa hiyo liache duara. Tenganisha leso mbili, zisimamishe ili upande wa 150 uzunguke mwili na pindo la chini liwe ndilo pindo la sketi, jina likae juu yake likisomeka. Upana wa 300 ukiuvuta marinda kwenye kiuno cha 80 utamtunisha tumbo, basi ondoa ubavuni mwa kila leso kipande cha sentimita 30. Zitabaki 240, mara tatu ya kiuno, na vipande ulivyoondoa vitakuwa mshipi.

Lakini kabla ya hayo yote, ifue. Nami niliwahi kukata doti mpya ikiwa bado ngumu kwa wanga, nikamkabidhi mpwa wangu sketi iliyomfika kifundoni, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza ikawa imepanda juu ya kifundo. Iloweke usiku mmoja, ianike, ipige pasi, ndipo uipime upya, na ukiona 110 imekuwa 106, hesabu zangu zote zianze kwenye 106.