Fedha na Feruzi za Wanavajo: Majibu kwa Wasomaji

Je, Wanavajo wamefua fedha tangu zamani za kale?

Hapana. Wenyeji wa kusini-magharibi mwa Marekani wamevaa feruzi, jiwe la thamani la rangi ya buluu-kijani, kwa zaidi ya miaka 1,000, lakini kwa Wanavajo, moja ya mataifa ya wenyeji hao, ambao wenyewe hujiita Diné, ufuaji wa fedha ni kazi ya karne ya 19. Anayetajwa kuwa fundi wao wa kwanza ni Atsidi Sani, aliyejifunza uhunzi wa chuma kwa fundi wa Kimeksiko. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu ya Wanavajo kwa miguu hadi kambi ya kuwazuilia ya Bosque Redondo, New Mexico, na ni baada ya mkataba wa 1868 uliowarudisha kwao ndipo kazi ya fedha ilipoenea, Atsidi Sani akiwafundisha wanawe nao wakiwafundisha wengine. Wapo wanaodhani kwamba ufundi uliopokewa kwa jirani si mali ya aliyeupokea. Siafikiani nao hata kidogo, kwani watu hawa walirudi wamepoteza mifugo na mashamba, na bado wakazaa sanaa isiyofanana na ya yeyote aliyewafundisha.

Walifanyaje kazi bila karakana?

Waliyeyusha sarafu za dola kwa makaa yaliyovuviwa kwa mivuo ya ngozi, na serikali ilipozuia jambo hilo wakatumia peso za Meksiko. Fedha ilifuliwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli au chuma kingine kizito, ikirudishwa motoni mara kwa mara ili isipasuke. Nakshi zilipigwa kwa vyuma vidogo ambavyo fundi alivichonga mwenyewe kwa tupa, na kwangu hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana vizuri zaidi. Wengine huchonga kalibu katika jiwe laini la majivu ya volkano na kumimina fedha humo. Feruzi ilianza kupachikwa kwenye fedha karibu na mwaka 1880: ukanda mwembamba hulehemiwa kulizunguka umbo la jiwe, kisha kingo zake hukandamizwa zilishike.

Hilali iliyo chini ya kidani ni alama ya Uislamu?

Kwao si alama ya dini. Huitwa naja, na ilitoka kwenye hatamu za farasi wa Wahispania, ambao nao waliipokea kwa Wamori, Waislamu waliotoka Afrika Kaskazini na kutawala Hispania.

Nitajuaje kwamba ninachonunua ni halisi?

Uliza jina la fundi, na uliza kama jiwe ni la asili, limeimarishwa kwa resini, au ni hauliti, jiwe jingine jeupe la bei nafuu, iliyotiwa rangi ya buluu. Jiwe lililoimarishwa si bandia, mradi muuzaji aseme. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inamwadhibu anayeuza kwa uongo bidhaa kama kazi ya wenyeji wa asili kwa faini inayoweza kufika dola 250,000 au kifungo cha hadi miaka 5, kwa hiyo muuzaji mwaminifu hatasita kukuandikia maelezo hayo yote kwenye risiti.